MZIGO UKAE CHINI, UKAE KARIBU, UKAE SAWA

*Mazungumzo ya fundi wa pikipiki mbele ya mkutano wa wanaushirika. Yamenakiliwa hapa ubaoni kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria. Soma, kisha msomee jirani yako asiyejua kusoma. Tafadhali usichane karatasi.*



Nimeombwa nizungumze juu ya kupakia mizigo kwenye pikipiki. Nimesikia manung'uniko kabla sijaanza. Mtu mmoja kasema, "Hayo ni mambo ya bodaboda, wanaushirika yanatuhusu nini?" Nitamjibu. Kutoka barabara ya lami ya Mwanza kwenda Musoma mpaka hapa kwetu, lori linafika kiangazi tu. Masika yakianza, njia yetu ya mbuga inageuka ugali. Mbegu zinaingiaje? Kwa pikipiki. Dawa za pamba? Kwa pikipiki. Dagaa kutoka mwaloni, chanjo ya kuku, sare za shule, mfuko wa saruji wa kumalizia choo: vyote kwa pikipiki. Hata huo unga uliokula jana umepanda pikipiki. Basi ndugu yangu, pikipiki ndiyo lori letu, na lori la kijiji ni jambo la ushirika.

Kuna sababu ya pili. Mzigo unapoanguka, tunasema dereva ni mzembe. Lakini nani aliyemwambia, "Weka na hili gunia la pili, utafika tu"? Ni mimi, ni wewe. Mzigo una watu wawili: mwenye pikipiki na mwenye mzigo. Nataka tuzungumze kama watu wawili hao.

1. Pikipiki ni mtumbwi wa nchi kavu

Sisi ni watu wa ziwani. Hakuna mtoto wa mwaloni ambaye hajui kupakia mtumbwi. Mawe na samaki vinakaa chini, katikati. Hakuna anayesimama juu ya rundo la nyavu mawimbi yakiwa makubwa. Na tunajua kwa uchungu kinachotokea chombo kikipakiwa kupita uwezo wake. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikiwa imejaza watu zaidi ya mara mbili ya uwezo wake, na zaidi ya watu 200 wakafariki. Sitasema zaidi, maana humu ndani wapo waliozika.

Pikipiki inafuata kanuni ile ile. Mzigo ukikaa juu, kila shimo linaupa nguvu ya kuyumba, na kuyumba kwa juu kunamvuta dereva. Mzigo ukikaa chini, pikipiki inatulia. Hilo la kwanza: ukae chini.

La pili, ukae karibu. Karibu na nini? Karibu na dereva, mbele ya katikati ya gurudumu la nyuma. Hebu tufanye hesabu kidogo, msiogope. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, pikipiki zetu nyingi zina karibu sentimita 130. Chukua mzigo wa kilo 60. Uweke nyuma kabisa ya keria, sentimita 30 kupita katikati ya gurudumu la nyuma. Zidisha 60 kwa 30, gawanya kwa 130. Unapata karibu 14. Maana yake gurudumu la mbele limepunguziwa kilo 14. Gurudumu la mbele ndilo linaloelekeza. Ukipanda kilima cha mawe, usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto, unageuza na pikipiki haigeuki. Sasa chukua mzigo ule ule, kilo zile zile, uulete mbele sentimita 30 kabla ya kufika katikati ya gurudumu. Gurudumu la mbele linaongezewa kilo 14, linashika ardhi. Mzigo haukupungua hata punje. Umehamishwa mahali tu.

La tatu, ukae sawa. Kulia na kushoto vilingane. Punda anajua hili kuliko sisi. Ukimwekea debe moja la maji upande mmoja peke yake, anasimama njiani anakutazama. Pikipiki haikutazami. Inakwenda upande mpaka inakulaza.

2. Kilo ngapi?

Vijana huniuliza, "Fundi, hii inabeba kilo ngapi?" Jibu limeandikwa katika kitabu kilichokuja na pikipiki, kile mlichowashia jiko. Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150, hesabu hiyo iko karibu na kilo 150, *dereva akiwa ndani yake.* Maneno hayo manne ya mwisho ndiyo yanayosahauliwa. Dereva wa kilo 65 amekwisha kula karibu nusu. Gunia la kilo 100 likipanda juu, mmekwisha pita. Na kitabu kinahesabu barabara nzuri. Kwenye njia yetu ya mbuga na makorongo, mimi nasema mzigo usizidi kilo 50 au 60, na abiria asiwepo.

Hapa niseme wazi. Abiria na mzigo ni kimoja kati ya viwili. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu, na kofia ngumu ni kwa wote wawili, dereva na abiria. Mishikaki ni kosa. Lakini kuna hii nyingine hatuihesabu: mama amekaa katikati ya dereva na gunia, mtoto mgongoni, mguu mmoja hewani. Akianguka huyo hana pa kuangukia.

3. Boksi la bati au mfuko laini?

Wapo waliochomelea maboksi ya bati ubavuni. Mjini Mwanza, kwenye lami, boksi lina faida yake: linafungwa kufuli, halilowi. Huku kwetu nasema hapana, na sababu ni mguu wako.

Kwenye tope dereva anaendesha huku akigusa chini kwa miguu. Mguu ukizama na pikipiki ikaendelea mbele hata hatua moja, ubavu wa boksi unaukuta mguu kwa nyuma. Bati halirudi nyuma. Mfupa ndio unaorudi. Pikipiki ikilala, pembe ya boksi inashika jiwe, keria inapinda, na mara nyingine chasisi inapasuka pale ilipochomelewa. Keria za namna hiyo nimezinyoosha nyingi, na chuma kilichonyooshwa mara mbili hakina nguvu tena.

Mfuko laini unabonyea. Ukigusa mguu unasukumika. Pikipiki ikilala, mfuko unakuwa mto. Ni mwepesi, na ukichanika fundi viatu anaushona kwa sindano. Kasoro zake zipo, nitazitaja: unaungua, unaloa, unasagika kwa vumbi, na mkanda wake ukilegea unaingia kwenye cheni.

Jambo hili si geni. Watu wa pwani wana kitu kinaitwa shogi. Ni mfuko mrefu wa mkeka anaovikwa punda mgongoni, una mdomo katikati, ukipakiwa unakuwa mifuko miwili inayoning'inia, mmoja kila upande. Tazameni: uko chini, uko karibu na mwili wa mnyama, uko sawa kulia na kushoto, na ni laini haumchubui. Yote niliyosema tangu nianze yalikuwa kwenye shogi zamani. Ninachoomba ni kuvisha pikipiki shogi.

4. Namna ya kushona shogi la pikipiki

Tafuta turubai zito la lori lililochakaa. Sehemu nzima hazikosekani. Kiroba cha salfeti peke yake hakifai, kinasagika siku chache na jua linakifanya unga. Kata mifuko miwili. Kila mmoja uwe na urefu wa sentimita 45, kimo sentimita 40, unene sentimita 20. Mfuko wa kipimo hicho unameza karibu kilo 25 za mahindi, kwa hiyo miwili ni kilo 50. Kipimo chenyewe kinakuzuia tamaa. Usiushone mkubwa zaidi ukasema hutaujaza. Utaujaza.

Unganisha mifuko kwa mikanda miwili mipana inayopita juu ya kiti upande wa nyuma, siyo juu ya keria ya nyuma kabisa. Chini ya mikanda weka kipande cha tairi ya baiskeli isisagike. Sakafu ya mfuko isishuke chini ya katikati ya gurudumu, la sivyo itakokota kwenye makorongo. Na upana wa yote usizidi usukani, ili dereva akipita kati ya miti miwili, usukani ukipita, mzigo nao upite.

Mdomo usifungwe kwa zipu. Vumbi letu linaua zipu kwa wiki moja. Acha mdomo uwe mrefu, ukunje mara tatu kama unavyokunja mdomo wa pakiti ya chumvi, kisha funga kwa mkanda wenye bakoli. Ndani weka mfuko mzito wa nailoni, ule wa ndani wa mifuko ya tabaka tatu ya kuhifadhia nafaka, ukiisha kazi yake. Turubai linazuia mwiba, nailoni inazuia maji. Kimoja bila kingine ni nusu kazi.

Mwisho, mwombe mchomeleaji akupindie nondo nyembamba, moja kila upande, kati ya mfuko na gurudumu. Bila nondo hiyo, mfuko utasogea ndani, utashika spoki, na gurudumu la nyuma litafunga ghafla.

5. Moto, sumu na petroli

Upande wa ekzosi ndio unaounguza mifuko. Salfeti na kamba za plastiki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 160 na kitu, na bomba la ekzosi karibu na injini linapita joto hilo bila taabu. Weka kipande cha bati kati ya ekzosi na mfuko. Bati lisiguse bomba, wala mfuko usiguse bati. Acha vidole viwili vya hewa kila upande. Hewa ndiyo inayokinga, bati peke yake linapata moto na kuupeleka mbele.

Petroli ya kuuza kwenye chupa za maji, ikining'inia upande wa ekzosi: hiyo sina maneno ya heshima ya kuisema. Mvuke wa petroli unawaka kabla hujaona kimiminika. Tusiibebe hivyo, na tusimtume mtoto wa mtu aibebe hivyo.

Na sasa kina mama mnisikilize. Dawa ya pamba na chakula visikae shogi moja, hata kama chupa imefungwa. Njia yetu inatikisa. Kifuniko kinalegea, dawa inapenya kidogo kidogo, unga unanywa, na unga haubadiliki rangi. Dawa iwe na mfuko wake, uliofungwa kitambaa chekundu kila mtu aujue. Chupa zisimame wima, zizungukwe na maranda au nyasi kavu. Mfuko huo mwekundu usibebe kitu kingine mpaka ufe. Dawa ikimmwagikia dereva, asisubiri kufika: avue nguo iliyoloa, anawe kwa maji mengi na sabuni, kisha aende zahanati na chupa yenye karatasi yake, mganga asome.

6. Kufunga

Mipira ya tyubu tunaipenda kwa sababu haina gharama. Ni mizuri kwa kushikilia vitu vyepesi. Kwa mzigo mzito haitoshi, kwa sababu mpira unavutika. Kwenye shimo mzigo unaruka, mpira unauruhusu, kisha unaurudisha kwa kishindo. Mzigo unaoruka kilo 50 unapiga keria kama mzigo mkubwa kuliko huo. Kamba ya katani inashika vizuri, ila jueni kwamba inabana ikilowa na inalegea ikikauka, kwa hiyo baada ya mvua ikaguliwe. Mkanda wa turubai wenye bakoli ni bora kuliko vyote.

Funga pembe nne. Mikanda miwili ivute chini, miwili ivute mbele. Watu wengi hufunga kwa kuvuta chini tu, ndiyo maana wakipanda kilima mzigo unarudi nyuma. Ncha za mikanda zikunjwe na kuchomekwa ndani. Ncha inayopepea inatafuta cheni, na cheni ikiishika haiachi.

Sasa jaribu hivi. Shika mfuko kwa mikono miwili, utikise. Mfuko ukitikisika peke yake, fungua ufunge upya. Ukitikisa mfuko na pikipiki yote ikatikisika pamoja nao, nenda. Ukishakwenda kama kilomita moja, simama ukaze tena, maana mahindi, mchele na dagaa hujipanga kwa kutikiswa na mfuko unapungua.

Vitu vyenye uzito viwe chini kabisa ya mfuko, upande wa dereva. Vitu vyepesi juu. Dumu la maziwa ama lijae, ama lisipande: dumu la nusu lina maji yanayokwenda na kurudi, na kila kona yanakusukuma mara ya pili. Samaki wabichi wawe ndani ya nailoni nzima. Maji ya samaki yakidondokea tairi na breki ya nyuma, kona inayofuata ni ya kuteleza. Usukani nao si msumari wa kutundikia kuku na madumu. Na mbuzi, ndugu zangu, mbuzi ni mzigo wenye mawazo yake. Mwacheni atembee.

7. Pikipiki yenyewe

Pikipiki za kazi za shamba zilitengenezwa kwa akili hii. Yamaha AG100 ilikuja na keria mbili, mbele na nyuma, cheni yake imefunikwa yote isile mchanga, na stendi za pembeni zipo mbili, ili uiegemeze upande wowote ardhi inaporuhusu. Zetu za bodaboda zilitengenezwa kubeba watu barabarani. Tunazitumia kwa kazi nyingine, basi tuziandae.

Kabla ya safari yenye mzigo: jaza upepo tairi ya nyuma kwa kipimo cha mzigo kilichoandikwa kwenye kitabu au karibu na cheni. Shokapu za nyuma zina ngazi za kukaza. Zungusha zote mbili ngazi sawa, kulia na kushoto. Kagua mlegeo wa cheni, kisha uukague tena mzigo ukiwa juu, maana shokapu zikishuka cheni nayo inabadilika. Gonga spoki kwa bisibisi, moja moja: iliyolegea inatoa sauti ya debe. Na taa ya mbele: nyuma ikishuka kwa mzigo, taa inatazama mbinguni. Wewe huoni shimo, na anayekuja unampofusha.

Njiani, punguza mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki unakuwa kama mara nne. Kwenye mchanga wa luseni usishike breki ya mbele kwa ghafla. Kwenye mbuga iliyolowa, simama mara kwa mara utoe tope kwenye madigadi. Na jihadharini na upepo wa ziwani alasiri. Gunia la dagaa ni jepesi lakini ni pana, na upepo unalitumia kama tanga. Mwenye kwenda Sengerema na Geita kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, akumbuke kwamba pale juu ya maji hakuna mti wa kuzuia upepo kwa kilomita 3. Huko ndiko mzigo mrefu unakoadhibiwa.

8. Ninachoomba kwenu wanaushirika

Ushirika wa pamba katika kanda hii ulianzia kwenye mizani. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima walichoka kupunjwa kilo, wakaweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia pamba. Paul Bomani alikuwa miongoni mwa waliowaongoza, na mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Walijua kwamba mtu asiyepima, anapimiwa.

Mizani tunayo hapa ghalani. Msimu wa pamba ukiisha inatundikwa, inalala, popo wanaipaka. Naomba mambo matatu.

Kwanza, mizani ile itumike mwaka mzima. Kila mzigo wa pikipiki unaotoka au kuingia ghalani upimwe, kulia na kushoto, na uandikwe daftarini.

Pili, chama kishonee pea sita za shogi kwa turubai lile kuukuu lililokunjwa stoo. Dereva aazime asubuhi, arudishe jioni. Pea moja iwe ya kitambaa chekundu kwa dawa.

Tatu, nauli ya mzigo ipangwe kwa kilo, siyo kwa safari. Tukilipa kwa safari, kila mwenye mzigo atasukuma gunia la ziada, kwa sababu ni la bure kwake. Tukilipa kwa kilo, hakuna la bure.

Maswali yaliyoulizwa

*Kijana mmoja dereva:* "Fundi, mimi pikipiki ni ya mkataba. Jioni tajiri anataka hesabu yake. Nikibeba kilo 50 kwa safari mbili, mafuta ya safari ya pili ananilipia nani?"

*Jibu:* Umeuliza swali la kweli kuliko yote niliyosema. Mafuta hayo lazima yalipwe, na si wewe wa kuyalipa. Ndiyo maana nimesema nauli ya kilo ipangwe na mkutano, mkiwemo ninyi, na mafuta ya safari mbili yawe ndani yake. Itapanda kidogo, sitawadanganya. Lakini wenye mizigo midogo waunganishe: huyu kilo 20, yule kilo 30, shogi moja, safari moja, wagawane. Kazi ya kuwaunganisha ni ya karani wa ghala. Ushirika ni kitu gani kama si hicho?

*Mama mmoja muuza dagaa:* "Gunia langu halifiki kilo 50, lakini ni kubwa. Haliingii kwenye shogi."

*Jibu:* Dagaa wako ni mzigo wa ujazo. Wagawe katika viroba vinne vyembamba badala ya gunia moja nene. Viwili kila upande, virefu, vilale ubavuni mwa pikipiki. Kilo ni zile zile, urefu wa kwenda juu umeondoka. Ukifika Mwaloni Kirumba unavimimina tena gunia moja.

*Mzee mmoja:* "Zamani tulibeba pamba kwa baiskeli, gunia zima, na hatukuanguka."

*Jibu:* Mzee wangu, mlianguka. Ila mlikuwa mnatembea kwa miguu mkiisukuma, na baiskeli ikianguka mnainua. Pikipiki inaanguka na mwendo wake. Gunia ni lile lile, mwendo siyo ule.

*Mjumbe wa bodi:* "Na dereva akikataa kupima?"

*Jibu:* Asipewe mzigo. Na mwenye mzigo akikataa kupima, dereva asiuchukue, na sisi wote tusimame upande wa dereva. Hapo ndipo penye ugumu. Siku hiyo mwenye mzigo atakuwa shemeji yako, atakuwa na haraka, na atakuambia wewe unajifanya polisi. Mwambie mkutano ulipitisha.

Mkutano umekubali hoja ya kwanza na ya pili. Hoja ya tatu, ya nauli kwa kilo, imeachiwa kamati ya watu watano, wawili kati yao wakiwa madereva na mmoja mama muuza dagaa. Italetwa mkutano ujao. Mwenye maoni aandike, ayatumbukize kwenye sanduku la ghala, au amwambie karani amwandikie. Mizani imekwisha shushwa na kufutwa vumbi, inaning'inia mlango wa kulia.